Mlo wa usiku wa Rosh Hashana: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Mwezi wa Elul ukiingia, mwezi wa mwisho kabla ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Kikombe kiwe kikubwa kiasi gani? Mkate mmoja au miwili? Nianze na tufaha au tende? Nikisahau sala fulani, narudia? Wengi wanaouliza wanaandaa meza yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Wengine wako katika safari ya kuingia Uyahudi, na wengine ni wapishi katika nyumba za Kiyahudi wanaotaka kujua maana ya wanachokipika. Majibu nimeyaweka hapa pamoja.

Kwanza tenga sheria na desturi. Anayeanza humaliza nguvu zake akitafuta komamanga na kichwa cha samaki, halafu jua linazama mishumaa haijawashwa na mkate ni mmoja. Kidushi (baraka ya kuitakasa siku juu ya kikombe cha mvinyo), kunawa mikono, mikate miwili na baraka baada ya kula ni sheria. Tufaha na asali, komamanga, kichwa cha samaki ni desturi. Ni desturi ya kale na naipenda sana, lakini ukibanwa na muda au fedha, acha desturi ushike sheria.

Pili, matamshi. Maneno ya Kiebrania nimeyaandika kwa herufi zetu. "Kh" itamke kama watu wa pwani wanavyotamka Khamisi. Jina la Mungu halitajwi bure, kwa hiyo nimeandika "Hashem" na "Elokeinu", na wewe ukiwa unajifunza sema hivyohivyo. Ukiwa mezani, baraka yenyewe inaposomwa, ndipo unasema Adonai na Eloheinu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mvinyo wa kosha (unaokubalika kwa sheria ya chakula ya Kiyahudi), au juisi ya zabibu yenye muhuri wa kosha
- Kikombe kisichovuja wala kupasuka, kinachobeba mililita 86 au zaidi (wanaoshika kipimo kikubwa hutaka 150)
- Mikate miwili mizima kwa kila mlo, na kitambaa cha kuifunika
- Chombo cha kunawia, beseni na taulo
- Mishumaa ya usiku wote wawili, na mshumaa mmoja mrefu wa kuwaka saa 48
- Tufaha, asali, tende, na ishara nyingine (vyakula vinavyoombewa dua ya mwaka mpya) utakazozipata
- Kitabu cha sala cha Rosh Hashana chenye kidushi na baraka za chakula. Usitegemee simu, kwa kuwa haitumiki siku hizo.

Kabla jua halijazama

1. Tazama kalenda ya mwaka wako. Rosh Hashana huwa siku mbili, na siku ya kwanza haiangukii Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ikiangukia Jumatatu au Jumanne, hakuna la ziada: kupika siku ya sikukuu kunaruhusiwa, maana Kutoka 12:16 imeruhusu kazi ya chakula, ila moto uchukuliwe kutoka moto uliokuwa ukiwaka tayari. Ikiangukia Alhamisi, Jumatano kabla ya jua kuzama weka yai la kuchemsha na mkate kando, usome maneno ya eruvi tavshilini yaliyomo kitabuni. Bila hivyo huruhusiwi kupika Ijumaa kwa ajili ya Shabati, siku ya mapumziko inayoanza Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Ikiangukia Jumamosi, kama ilivyo 2026 (kuanzia Ijumaa jioni, tarehe 11 Septemba) na 2027 (kuanzia Ijumaa jioni, tarehe 1 Oktoba), chakula chote cha usiku wa kwanza na mchana wake kiwe kimeiva Ijumaa, kwa sababu Shabati haipikiwi kabisa.

2. Kanda na uoke mkate. Kwa Rosh Hashana mkate husukwa mviringo, mfano wa mwaka unaozunguka. Tumia maji, mafuta na mayai. Usitie maziwa wala siagi, hata kama ndivyo ulivyozoea kukanda maandazi, kwa sababu mkate huu utaliwa pamoja na nyama. Kila yai lipasue kwanza kwenye glasi, uangalie kama lina damu. Likiwa nayo, litupe.

   Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 inatosha kutoa hala, yaani kipande kinachotengwa. Unga ukifika kilo 1.2 hivi, unatenga bila baraka. Ukipita kilo 1.7, unasema: *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, asher kideshanu bemitsvotav vetsivanu lehafrish khala min haisa.* Donge lenye ukubwa wa zeituni linatosha. Lifunge kwenye karatasi ya foili, ulichome mpaka liungue kabisa.

3. Kagua mboga na samaki. Hapa usiwe na haraka. Wadudu wameharamishwa, na mboga ya majani huwa nao. Loweka majani kwenye maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, yasugue moja moja pande zote mbili, suuza, kisha inua jani juu ya taa na utazame karibu na mshipa wa kati. Vidukari hujibana pale, vya kijani kama jani lenyewe, na asiyetafuta havioni. Tende zipasue kwa urefu moja baada ya nyingine; ukikuta vumbivumbi jeusi au nyuzi kama za buibui, hiyo weka kando.

   Samaki awe na mapezi na magamba, na umnunue akiwa mzima na ngozi yake ili uyaone magamba kwa macho yako. Sato, changu na nguru wanafaa. Kambare hana magamba, hafai, na kichwa chake kisije kwenye meza hii.

   Neno kwa mpishi asiye Myahudi: mwenye nyumba ndiye awashe moto wa jiko. Kwa Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki) hilo linatosha. Kwa Wasefaradi (wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati) Myahudi ndiye aweke na sufuria motoni. Usione vibaya akiingia jikoni kwako na kiberiti. Ni sheria ya chakula, hakusimamii.

4. Washa mshumaa mrefu. Siku ya sikukuu huruhusiwi kupiga kiberiti, lakini unaruhusiwa kuchukua moto kwenye mwali unaowaka. Mshumaa huu ndio benki yako ya moto kwa siku mbili: utawasha nao jiko la gesi, na mishumaa ya usiku wa pili. Uweke ndani ya glasi nzito, mbali na pazia na mkono wa mtoto.

5. Washa mishumaa ya sikukuu. Kwa kawaida huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Nairobi mwezi wa Septemba jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kwetu ikweta giza halichelewi, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili uwe umekwisha kuoga na kuvaa. Baraka ni: *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, asher kideshanu bemitsvotav vetsivanu lehadlik ner shel Yom Tov.* Ikiwa ni Ijumaa malizia *lehadlik ner shel Shabat veshel Yom Tov*, na kiberiti kisiguswe tena baada ya hapo. Kisha wanawake wengi husema shehekheyanu, baraka ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu: *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, shehekheyanu vekiyemanu vehigianu lazman haze.* Mwanamume anayeishi peke yake naye anawasha.

Usiku wenyewe

6. Kidushi. Funika mikate. Jaza kikombe hadi ukingoni, kishike mkono wa kulia. Soma kidushi cha Rosh Hashana kutoka kitabuni: baraka ya mvinyo (*bore peri hagafen*), baraka ya siku, kisha shehekheyanu. Ikiwa ni usiku wa Ijumaa, anza na aya za Vayekhulu, zinazotaja siku ya saba ya uumbaji. Aliyesema shehekheyanu kwenye mishumaa hairudii akijisomea kidushi mwenyewe. Kunywa zaidi ya nusu ya kile kipimo, ukiwa umeketi, bila kuachia katikati.

   Wanaosikiliza nao wanatimiza wajibu kupitia msomaji, kwa hiyo wakae kimya, wajibu "amen" tu. Wageni hupenda kuitikia *barukh hu uvarukh shemo* (abarikiwe Yeye na jina lake) katikati kama walivyosikia sinagogi; hapa haifai.

7. Kunawa. Sisi tumelelewa na birika na beseni kabla ya kula, kwa hiyo wengi hudhani hili wanalijua. Ni kitu kingine. Mikono iwe safi tayari, na pete zivuliwe. Maji yatoke kwenye chombo, si bomba, na chombo kibebe angalau kile kipimo cha mililita 86. Ukingo wake usiwe na pengo. Birika lenye mdomo mrefu liache, au umwagie kupitia ukingo wake wa juu. Kopo la kawaida au jagi ni bora. Mwaga mara mbili mkono wa kulia mpaka kifundo, kisha mara mbili wa kushoto (wengine hufanya mara tatu). Kabla ya kufuta: *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, asher kideshanu bemitsvotav vetsivanu al netilat yadayim.* Futa, na usiseme neno mpaka umemeza mkate.

   Hapa ndipo meza nyingi huharibika. Mtu amenawa, anamuita mtoto, anauliza chumvi iko wapi. Kabla ya kunawa hakikisha kisu, asali na chumvi viko mezani.

8. Mkate. Inua mikate yote miwili pamoja, sema: *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, hamotsi lekhem min haarets.* Kata mmoja, chovya kwenye asali, ule wewe kwanza, ndipo ugawie wengine. Wapo wanaochovya chumvi pia.

9. Ishara. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika Horayot 12a na Keritot 6a, inamtaja rabi Abaye akiorodhesha vyakula vitano vya mwanzo wa mwaka: boga, rubia, liki, silka na tende. Vilichaguliwa kwa sababu majina yake kwa Kiaramu yanafanana na maneno ya dua. Silka ni mboga ya jamii ya bitiruti, na furaha yangu ni kwamba "spinachi" tunayoinunua kwenye masoko ya Kenya na Tanzania, ile ya majani mapana na bua nene jeupe, kwa kweli ndiyo silka hasa, si spinachi ya Ulaya. Rubia wengine husema ni uwatu, na Wasefaradi wengi hula kunde. Hivyo meza ya Abaye inapatikana karibu yote kwa mama muuza mboga.

   Utaratibu: anza na tunda la mti. Ukiwa na tende mezani ndiyo itangulie, kwa kuwa imo katika mazao saba ya Kumbukumbu la Torati 8:8. Baraka yake inabeba na tufaha na komamanga. Sema *Barukh ata Hashem, Elokeinu melekh haolam, bore peri haets*, ung'ate, umeze kidogo, ndipo usome dua. Usiiweke dua kati ya baraka na kung'ata. Mkate ulioula hauibebi baraka ya matunda haya, ila mboga zilizopikwa unaibeba.

   Kwa tufaha na asali: *Yehi ratson milefanekha, Hashem Elokeinu velokei avoteinu, shetekhadesh aleinu shana tova umetuka*, yaani utufanyie upya mwaka mwema na mtamu. Kwa komamanga, mema yetu yawe mengi kama punje zake. Kwa kichwa cha samaki au cha kondoo, tuwe kichwa wala tusiwe mkia. Cha kondoo kinakumbusha pia yule kondoo dume aliyetolewa badala ya Isaka.

   Kuongeza ishara za lugha yako si kosa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliingiza karoti kwa sababu jina lake kwa Kiyidi linafanana na neno la kuongezeka. Nyumbani kwangu, baada ya dua ya Kiebrania, tunasema kwa tende: tutende mema mwaka huu. Kwa kunde: kundi letu liongezeke. Watoto hukumbuka hizo kuliko zote, na kila mwaka wanaleta mpya.

10. Mlo. Samaki na nyama visiliwe pamoja. Maliza samaki, badilisha sahani na uma, kula mkate kidogo na unywe kitu, ndipo nyama ije. Epuka vyakula vichungu na vya siki. Waashkenazi wengi huacha na kokwa za jozi, kwa kuwa herufi za neno lake *egoz* hujumlisha 17, sawa na za neno dhambi likiandikwa bila alef.

11. Baraka baada ya kula. Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema ule, ushibe, ubariki. Nawa ncha za vidole, kisha soma Birkat Hamazon ukiwa umeketi palepale ulipokula. Wanaume watatu waliovuka miaka 13 wakiwa wamekula pamoja, huanza na mwaliko wa zimuni. Katika baraka ya tatu ongeza *Yaale veyavo*, dua ya sikukuu, ukiitaja Yom Hazikaron (jina la Rosh Hashana katika sala), na ikiwa ni Shabati tanguliza *Retse*, dua ya Shabati. Bandika karatasi ya rangi kwenye ukurasa huo tangu mchana, maana hapo ndipo usingizi na shibe hukutana.

12. Usiku wa pili. Usipike, usioshe vyombo wala kupanga meza kwa ajili yake mpaka nyota zitoke, kwa maana siku ya kwanza haiihudumii ya pili. Mishumaa pia huwashwa baada ya giza, kwa moto wa ule mshumaa mrefu. Siku mbili hizi zinahesabiwa kama siku moja ndefu, ndiyo maana kukawa na mjadala kuhusu kurudia shehekheyanu. Desturi ni kuvaa nguo mpya au kuweka mezani tunda jipya wakati wa kidushi. Tunda hilo liwe la msimu na hujalionja tangu msimu wake uanze. Papai na ndizi haziingii, ziko sokoni mwaka mzima. Mimi komamanga halionjwi usiku wa kwanza, nalitunzia usiku huu. Ukikosa vyote, shehekheyanu unasema tu.

    Usiku huo ukiwa ni Jumamosi jioni, kabla ya kazi yoyote sema *Barukh hamavdil bein kodesh lekodesh*. Kidushi chake kina mpangilio wake: mvinyo, baraka ya siku, moto, havdala (baraka ya kuaga Shabati), shehekheyanu. Manukato hayamo, na mwali unaotazamwa ni wa mishumaa iliyokwisha kuwashwa.

Ukikwama

*Sina mvinyo wala juisi ya kosha.* Juisi ya dukani isiyo na muhuri usiitumie. Usiku unaruhusiwa kufanya kidushi juu ya mkate: nawa kwanza, weka mikono juu ya mikate, sema hamotsi mahali pa baraka ya mvinyo, endelea na baraka ya siku na shehekheyanu, ndipo ukate. Ikiwa ni Jumamosi usiku, muulize rabi wako mapema, maana havdala imo ndani.

*Mkate wangu una ladha ya sukari.* Kwa Mwashkenazi kwa kawaida bado ni hamotsi. Kwa Msefaradi, utamu ukionekana wazi kinywani unahesabiwa keki na baraka yake ni *bore minei mezonot*. Mkiwa mchanganyiko mezani, oka mkate usio mtamu, asali itafanya kazi yake.

*Nimezungumza baada ya kunawa.* Ikiwa neno lilihusu mkate au chumvi, endelea. Ikiwa ni la jambo lingine, bado endelea bila kurudia baraka, mradi hukugusa kitu kinacholazimu kunawa tena.

*Nimesahau Yaale veyavo.* Ukikumbuka baada ya baraka ya tatu na hujaanza ya nne, ipo baraka fupi ya fidia kitabuni, isome. Ukiwa umeanza ya nne, Waashkenazi usiku hurudi mwanzo wa Birkat Hamazon. Wasefaradi wengi hawarudii, ila usiku wa kwanza wa Pesakh (Pasaka ya Kiyahudi) na wa Sukot (Sikukuu ya Vibanda). Mchana wa Rosh Hashana hakuna anayerudi.

*Mshumaa mrefu umezimika.* Usipige kiberiti. Chukua moto kwenye mishumaa ya sikukuu ikiwa ingali inawaka, au kwenye jiko, au nenda kwa jirani yeyote mwenye moto unaowaka ukawashe kwake. Ikiwa ni Shabati, usifanye lolote mpaka usiku uingie. Ukikosa kabisa, kula chakula baridi kwenye mwanga uliopo. Kidushi na mkate havihitaji jiko.

*Mgeni amefika tumeshafika kwenye nyama.* Msimulizie baadaye, kwanza mjazie kikombe. Afanye kidushi chake, anawe, apewe mikate miwili mizima; ndiyo sababu mimi huoka sita badala ya minne.